Ruaha Mbuyuni mpaka Mbeya kupitia Kitulo: tulivyochaji betri ya lithiamu kwa altaneta ya gari

Siku ya 1: Ruaha Mbuyuni – Kitonga – Iringa

Tumeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado giza, harufu ya vitunguu imejaa mpaka kwenye blanketi maana tulipaki jirani na magunia yanayosubiri lori. Niko na mjomba wangu, kaka yake mama, dereva mstaafu wa malori ya Zambia, barabara hii ameila miaka mingi kuliko umri wangu. Gari ni Land Cruiser pikapu, injini ya dizeli ya 1HZ, nyuma tumeijengea kibanda cha kulala, godoro mbili, taa na friji ndogo ya volti 12. Friji ndo sababu ya mambo yote haya. Mjomba ana kisukari, anachoma insulini, na zile ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, sasa safari ya wiki nzima kwenda kwao Makete bila friji ya uhakika mi nisingethubutu.

Friji inakula kwenye betri ya lithiamu, ile aina ya LiFePO4 (lithiamu ya fosfeti ya chuma), ampia-saa 100. Niliichagua kwa sababu ina kilo 11 hivi wakati ya asidi ya ukubwa uleule inafika 25 na zaidi, alafu hii unaitumia karibu yote, ya asidi ukizoea kuivusha nusu unaiua mapema. Kuichaji, kabla ya safari fundi mmoja alivuta waya kutoka betri ya gari akaweka rilei katikati, ile swichi inayojiwasha kwa umeme, ukiwasha gari betri mbili zinaungana, ukizima zinaachana. Watu wengi wamefunga hivyo kwa betri ya pili ya asidi na inadumu, kwahiyo na mimi nikaridhika.

Asubuhi betri ilikuwa asilimia 22. Tukiwa barabarani nikabana mita kwenye waya, zinaingia ampia 61. Nikafurahi kweli, nikamwambia mjomba tukifika Iringa imejaa hii. Mjomba hakujibu kitu.

Kwenye mlima wa Kitonga tukakuta lori limezima kwenye kona, foleni imeganda juu na chini. Tukakaa pale kama dakika arobaini, gari inaunguruma bila kukanyaga mafuta, feni ya ndani inapuliza, taa zinawaka, friji nyuma inavuta. Mara taa za dashibodi zikafifia kidogo, alafu ikaja harufu, sio ya breki, ni kama vanishi ya mbao inayoungua.

"Mpwa, zima gari."

"Mjomba, si breki za malori hizo?"

"Zima gari nakwambia. Hiyo ni koili ya altaneta."

Nikazima, tukafungua boneti. Mjomba akachovya kidole kwenye chupa ya maji ya kunywa akadondosha tone moja mgongoni kwa altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kutoa umeme wa gari. Chwaaa! Halikupata hata muda wa kutiririka, lilitoweka palepale likaacha alama nyeupe. Akachovya tena, tone la pili vilevile. Mimi nilibaki namwangalia tu.

Ilibidi nikae pale pembeni ya barabara nifikirie vizuri nini kimetokea, na nataka niieleze hapa kwa sababu nimeona wengi wanafunga hivihivi. Betri ya asidi ukiichaji inaanza kukataa yenyewe mapema, upinzani wake wa ndani ni mkubwa na kadiri inavyojaa ndo ampia zinashuka, kwahiyo altaneta inapata nafuu bila mtu kuipangia. Lithiamu haiko hivyo. Upinzani wake wa ndani ni mdogo sana, inapokea kila kinachokuja, saa nzima, mpaka iko karibu kabisa kujaa. Na altaneta nayo haijui kusema imetosha, inatoa yote iliyonayo. Yangu imeandikwa ampia 80, lakini hizo 80 ni ikiwa inazunguka kwa kasi na iko ya baridi. Inajipoza kwa feni yake yenyewe, sasa gari ikisimama na injini inaunguruma tu, feni inazunguka polepole, hewa haipiti, na betri bado inadai kila ampia inayoweza kutoka. Foleni ya Kitonga ndo mahali pabaya kuliko pote kwa hiyo kazi.

Mjomba yeye alisema kwa lugha ya kwao: "Ng'ombe hata awe wa kisasa namna gani, humkamui kutwa nzima."

Tukachomoa fyuzi ya ule waya gari ikiwa imezimwa, tukasubiri ipoe, foleni ikafunguka tukapanda. Nyanya tumenunua Ilula, Iringa tumeingia saa saba mchana kwa binamu. Betri 57, na hapo hakuna tena kitu kinachoichaji.

Siku ya 2: Iringa mjini

Jana ileile nilipiga simu Dar wakanitumia chaja ya DC kwenda DC kwa basi la usiku, asubuhi nimeichukua stendi. Ni boksi la alumini lenye mapezi ya kupozea, ampia 30. Linakaa katikati ya betri ya gari na ya lithiamu, upande mmoja linachukua umeme wa altaneta, upande wa pili linatoa volti zile lithiamu inazotaka, 14.4 mpaka ijae alafu linashusha. Cha muhimu zaidi ni kwamba halivuti zaidi ya lilichopangiwa. Betri ikililia ampia 60 itapewa 30, basi.

Kwanini 30 na sio 50, maana ya 50 nayo ipo? Altaneta ni 80, gari yenyewe usiku na taa, feni na waipa inaweza kutaka 20. Chaja ya 30 kwa kuingiza inavuta kama 35, sababu inapandisha volti na kidogo kinapotea kuwa joto. Jumla 55, inabaki nafasi ya kupumua. Ningechukua ya 50 ningekuwa nimerudi Kitonga.

Tumefunga gereji moja ya fundi umeme wa magari, kijana mtulivu, alimsalimia mjomba "kamwene", salamu ya huku, kisha shikamoo na mzee akafurahi sana. Tukaanza na ubishi wa waya. Fundi alikuwa na waya wa milimita 6 za mraba, ule wa nyumba, akasema unatosha maana unabeba ampia 35 bila kuungua. Ni kweli hauungui. Lakini kutoka betri ya mbele mpaka kibandani ni mita 5, kwenda na kurudi 10, nikapiga hesabu mbele yake kwenye simu: shaba ya milimita 6 kwa mita 10 na ampia 35 inapoteza volti 1 nzima. Ya milimita 25 inapoteza robo volti. Volti 1 kwenye mfumo wa volti 12 ni nyingi mno, chaja itaona betri ya mbele iko chini itaanza kujizima na kujiwasha. Fundi akaangalia hesabu, akaenda stoo akatoka na waya wa mashine ya kuchomelea, ule mnene wenye nyuzi nyingi laini, ganda la mpira. "Huu hapa kaka, huu hata ukiukunja kwenye chasi haukatiki." Ndo tuliotumia, na nawashauri wengine wautumie.

Fyuzi tumeweka mbili za 60. Moja shubiri moja tu kutoka kwenye kichwa cha betri ya mbele, nyingine karibu na lithiamu. Watu wanaweka moja tu mbele wanasahau kwamba waya huu una betri mwisho wa pande zote mbili, ukichubuka popote kwenye chasi moto unaweza kutokea upande wowote, na hiyo lithiamu ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampia kwa mpigo. Athi, yani upande hasi, nayo tumevuta waya wake kamili mpaka betri, hatukutegemea bodi, maana boliti ya bodi ikishika kutu unaanza kutafuta mchawi. Mwisho kuna kawaya kembamba kanakotoka kwenye swichi ya gari, kanaiambia chaja gari imewaka anza kazi, ikizimwa acha, ili friji isije ikala betri ya kuwashia gari usiku.

Tumemaliza saa kumi na moja jioni. Kesho ndo kipimo.

Siku ya 3: Iringa – Mafinga – Makambako – Njombe

Betri asubuhi asilimia 18, tulikuwa tunatumia bila kuchaji. Tumeondoka saa mbili.

Mafinga 61. Misonobari ya Sao Hill pande zote, malori ya mbao yamejipanga, tumekunywa chai hapo na mihogo. Makambako 96, upepo kama kawaida yake unataka kukuvua kofia. Baada ya hapo ampia zikaanza kushuka zenyewe, 30, 19, 8, 3, Njombe tumeingia asilimia 100.

Kila tuliposimama mjomba alifungua boneti akadondosha tone lake. Makambako nililiangalia kwa karibu: lilikaa pale mgongoni kwa altaneta limejikunja kama ushanga, likaanza kupungua pembeni polepole, mpaka namaliza kuhesabu kumi na tano lilikuwa bado lipo. Altaneta ya moto ndiyo, huwezi kuweka kiganja ukakiacha, lakini sio ile ya kuunguza vanishi. Mjomba akafunga boneti akasema "Twende", na kwa mtu kama yeye hiyo ni sifa kubwa.

Siku ya 4: Njombe – Makete – Kitulo

Lami mpaka Makete, kona na mabonde, ukungu mpaka saa nne. Huku ndo kwa mama yangu pia, nilikuja mara ya mwisho nikiwa darasa la nne. Kutoka Makete tukaingia vumbi kuelekea Kitulo, uwanda ule uko juu kiasi cha mita 2,600, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, imetengwa kwa ajili ya maua na wenyewe wanapaita Bustani ya Mungu. Sasa ni Julai, maua hakuna, nyasi zimekauka rangi ya simba, ukitaka maua uje kuanzia Novemba.

Tumefika kwa ndugu saa kumi. Viazi, maharage, chai ya maziwa. Boma zima wameleta simu zao kuchaji kwenye kibanda, nimehesabu kumi na moja, na taa ya kibandani tumeiacha inawaka nje mpaka saa tano usiku watu wanapiga stori. Betri ilikuwa na kazi leo na nimefurahi ilivyoifanya.

Siku ya 5: Kitulo, baridi

Nikitoka kibandani saa kumi na mbili na nusu nyasi zote nyeupe. Sio umande, ni barafu. Ndoo ya maji iliyoachwa nje ina utando mwembamba juu, ukiugusa unapasuka kama glasi ya taa ya chemli. Nikamwamkia mjomba, "Shikamoo mjomba", akaitikia kutoka ndani ya mablanketi matatu.

Tulipanga kuzunguka uwandani na gari. Nikawasha, nikaangalia chaja, taa ya hitilafu. Ampia 0. Moyo ukanidunda, nikajua kazi yote ya Iringa imeharibika. Nikafungua programu ya betri kwenye simu, nikaona: asilimia 66, joto nyuzi -1. Betri ilikuwa kwenye boksi la chuma nje chini ya kibanda, upepo wa usiku kucha umeipiga.

Hapa naomba msomaji atulie, maana mafundi wengi wa kwetu hawajawahi kuishi sehemu yenye sifuri. Lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0. Kutumia unaweza, taa zitawaka, friji itafanya kazi hata ikiwa chini ya hapo, ila kuingiza umeme hapana. Ukichaji betri ya joto la kawaida, lithiamu inaingia ndani ya grafaiti ya upande hasi inajipanga humo. Kukiwa na baridi ya kuganda haiwahi kuingia, inajilundika juu ya grafaiti kama metali, na kile kilicholundika hakirudi, betri inapungua uwezo moja kwa moja na ikizidi inaweza kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Huoni kitu kwa nje. Siku hiyo itachaji vizuri tu.

Kilichotuokoa ni ile saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, BMS, ilikata upande wa kuchaji yenyewe. Zipo betri za bei ya chini ambazo haziangalii baridi kabisa, kwahiyo ukinunua kwa ajili ya Makete au Njombe uliza hilo swali kwanza kabla hujauliza bei. Na kitu kingine nilikiwaza nikiwa nimesimama pale natetemeka: ingekuwa bado ni ule mfungo wa rilei wa kuunga moja kwa moja, BMS ikakata ghafla katikati ya chaji nzito, altaneta inabaki na umeme ambao hauna pa kwenda, volti zinaruka, na kama betri ya mbele imechoka haiwezi kuumeza huo mruko, dayodi za altaneta zinakufa. Chaja hii ikikataliwa inaacha tu kazi, inawasha taa, altaneta haisikii lolote.

Shangazi, mke wa mjomba mdogo, alisema tuipeleke jikoni ikaote moto. Nilimshukuru ila nikakataa, moto wa kuni unachemsha upande mmoja na mwingine unabaki barafu. Tukafungua boliti, kilo 11 nikaibeba mwenyewe kama mtoto, tukaiweka kwenye kiti cha katikati ndani ya gari, tukaifunika blanketi, injini ikawaka na hita ya miguuni. Baada ya saa moja na dakika kumi ilikuwa nyuzi 7. Tukaunganisha, ampia zikaingia. Nikaipunguza chaja kwenye mpangilio iende nusu, 15, kwa sababu betri ya baridi hata ikiwa juu ya sifuri haipendi kusukumwa.

Mjomba wakati huo alikuwa na hofu yake nyingine. Insulini ikiganda inatupwa, hata ikiyeyuka haifai tena, na friji hii inajua kupoza tu, haijui kupasha. Ilikuwa inasoma 3. Akatoa chupa zote mbili na ile kalamu anayotumia akaziweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akafunga zipu. Alizunguka nazo hivyo mpaka jua lilipotoka.

Usiku wa leo betri inalala ndani ya gari. Nimeamua, na nikirudi nyumbani nitahamishia boksi lake ndani ya kibanda chini ya godoro, moja kwa moja.

Siku ya 6: Kitulo – Matamba – Chimala – Mbeya

Betri imelala vizuri, asubuhi nyuzi 9, asilimia 48. Chaja imeanza kazi dakika ileile gari ilipowaka, 30 kamili.

Matamba 71. Kutoka hapo ndo mteremko wa kona 57 mpaka Chimala, wenyeji wanaita tu Hamsini na Saba. Mjomba akashika usukani mwenyewe, gia ya pili, mguu hauko kwenye mafuta wala breki, injini inalia inashikilia gari. Uwanda wa Usangu uko chini kule umelala kama mkeka, kila kona unaonekana upande mwingine wa kioo. Mi kazi yangu kuangalia mita na ikanipa raha ambayo sikuitegemea. Kwenye mteremko wa namna hii pampu ya dizeli imekata mafuta, magurudumu ndo yanaizungusha injini, na injini inaizungusha altaneta kwa kasi nzuri, feni yake inapuliza sawasawa. Yani ampia 30 zinaingia kwa saa nzima karibu, na zinatoka kwenye uzito wa gari yenyewe inayoshuka mlima. Hakuna hata tone la dizeli ndani yake. Nilimweleza mjomba, akasema miaka yote ameshuka milima anachoma breki tu kumbe kulikuwa na umeme.

Chimala asilimia 98, na joto, tukavua makoti. Betri nyuzi 24. Kwenye joto nako ina mpaka wake, nyingi haziruhusu kuchaji ikizidi 45, ndo maana sikukubali fundi aiweke kwenye chumba cha injini japo waya ungekuwa mfupi.

Lami ya Igurusi, Inyala, Mlima Nyoka taratibu, Uyole, Mbeya saa kumi na nusu.

Siku ya 7: Mbeya

Tumepumzika. Asubuhi rafiki wa mjomba wa enzi za Zambia amekuja kutusalimia, bado anaendesha lori, anataka na yeye friji na taa kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Lori lake ni volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa mfululizo. Akasema fundi wake anataka kuchukua 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Nikamwambia baba, usikubali. Ile moja itakuwa inaliwa kila siku na mwenzake haliwi, altaneta inazichaji zote kama kitu kimoja, yenye njaa haishibi na iliyoshiba inachemshwa, baada ya miezi zote mbili zimekwisha. Achukue chaja ya 24 kwenda 12, ivute kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Na kwake ni rahisi kuliko kwangu, kutoa ileile ampia 30 upande wa 24 itavuta kama 16 tu, waya hauhitaji unene wa wangu.

Akatoa risiti ya mizani mfukoni, akaigeuza, nikamwandikia nyuma: chaja 24/12 ampia 30, fyuzi mbili, athi yake mpaka betri, betri yenye kinga ya baridi ikae ndani ya kichwa cha gari. Akaisoma mara mbili akaikunja akaiweka kwenye leseni.

Mjomba wakati huo alikuwa nyuma ya gari amefungua friji. Inasoma 5. Akachukua chupa mpya ya kwanza tangu tuondoke, akaiangalia kwenye mwanga kama maji yake ni maangavu, akaridhika, akafunga mlango wa friji kwa kiganja taratibu. Kesho Tukuyu, kwa dada yake.